Tukiwa Makabila Mengi Katika Kikundi Kimoja

(Hotuba hii ilitolewa kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia waliokutana kwa semina ya siku moja. Tumeiandika karibu kama ilivyosemwa.)

Naona wengine mmetoka mbali na bado mna tope kwenye viatu, kwa hiyo sitazunguka sana.

Nimeombwa niseme juu ya kufanya kazi pamoja watu wa makabila tofauti. Najua mnangoja nini. Mnangoja niseme "tuache ukabila, sisi sote ni Wakenya," mpige makofi, halafu tunywe chai. Maneno hayo nimeyasema mimi mwenyewe katika semina nyingi. Watu walipiga makofi, na walipofika nyumbani kila mmoja alikaa na watu wake kama jana. Leo nataka kuwaeleza habari ya maziwa.

Mwaka 2014 nilikuwa nikitembelea kikundi kimoja cha huku juu, upande wa Molo. Jina lake sitalitaja. Kilikuwa na nyumba 23: Wakikuyu, Wakipsigis, Wakisii, Waluhya wachache, Mjaluo mmoja fundi wa baiskeli, na mweka hazina alikuwa mama Mkamba aliyeolewa huko. Baadhi yao walikuwa wamekimbia mwaka 2008, na baadhi ndio waliokimbiwa. Mnakumbuka wenyewe. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, na Molo na Kuresoi ni kati ya mahali palipoumia sana. Kwa hiyo watu hawa kukubali kumwaga maziwa yao katika mtungi mmoja halikuwa jambo dogo. Kilichowaleta pamoja si upendo, tusidanganyane. Ni bei. Kila mtu akiuza peke yake, mchuuzi alimpa bei anayotaka yeye. Wakikusanya pamoja, gari la maziwa lilikubali kusimama njia panda na kuchukua lita zote mara moja.

Wakanunua laktometa, kile kipimo cha kioo kinachoelea ndani ya maziwa. Maziwa mazuri huonyesha 28 au zaidi kidogo. Yakitiwa maji, kipimo kinazama na namba inashuka. Kikundi kikaandika katika katiba yake kwamba maziwa yanayosoma chini ya 28 yatarudishwa kwa mwenyewe. Ni sheria nzuri. Haisemi Mkikuyu wala Mkisii.

Baada ya wiki mbili tatu jambo likaanza kuonekana. Maziwa yaliyorudishwa karibu yote yalikuwa ya watu wa kabila moja. Sitasema kabila gani. Nikisema, nusu yenu mtatikisa kichwa na kusema "ndivyo walivyo hao," na nusu mtakasirika, na hakuna atakayesikia sehemu iliyobaki.

Kijana aliyekuwa akipima alikuwa wa kabila lingine. Basi mnajua yaliyofuata. Huko juu kwenye mlima watu walisema kwa lugha yao, "Wale ni wajanja, wanauza maji ya mto." Huku chini karibu na barabara watu walisema kwa lugha yao, "Kijana ametumwa. Wanataka tuchoke tuondoke, kama ile mara nyingine." Mama mmoja alirudishiwa maziwa siku tatu mfululizo. Siku ya tatu aliyamwaga chini palepale mbele ya kibanda, lita saba, akaondoka bila kusema neno. Na hizo lita saba ndizo zilizokuwa karo. Kesho yake tulikuta ukuta wa kibanda umeandikwa kwa makaa. Hakukuwa na tusi. Ilikuwa namba tu: 2008.

Mimi nilikuwa nayajua maneno ya pande zote mbili. Kila nilipopita mlimani niliitwa pembeni nikaambiwa. Kila nilipopita barabarani niliitwa pembeni nikaambiwa. Nilisikiliza, nikasema "poleni, tutaangalia," nikaenda zangu. Nilifikiri huo ni uvumilivu, kama tulivyofundishwa chuoni. Sasa naona nilikuwa ghala la fitina, naweka mali ya pande zote mbili na kufunga mlango.

Aliyetutoa pale ni afisa wa mifugo. Alikuja siku ya kikao, akaangalia laktometa, akauliza swali moja: "Na temomita yenu iko wapi?" Tukatazamana. Hatukuwa na temomita. Hakuna aliyejua kwamba inatakiwa.

Sikilizeni vizuri, maana wengi hapa mna ng'ombe. Laktometa za namna ile zimetengenezwa kupima maziwa yenye joto la digrii 20. Maziwa yakiwa na joto zaidi yanakuwa mepesi, na kipimo kinazama kana kwamba yametiwa maji. Kwa kila digrii moja juu ya 20 unaongeza 0.2 kwenye namba uliyosoma. Maziwa yenye joto la digrii 35 yakisoma 26, unaongeza 3, unapata 29. Hayo ni maziwa safi kabisa!

Sasa nani alikuwa akileta maziwa ya moto? Watu wa mlimani walikamua saa kumi alfajiri, wakayabeba kwa punda mwendo mrefu katika baridi ile ya Molo. Yalifika yamepoa. Watu wa barabarani walikamua saa kumi na mbili na nusu wakavuka njia tu. Yalifika yanatoa mvuke. Na kwa sababu ya jinsi mashamba yale yalivyokatwa na kuuzwa, wa barabarani walikuwa karibu wote kabila moja.

Afisa hakuhubiri. Aliomba maziwa ya yule mama, akayapima mbele ya watu wote: 26. Akaweka mtungi ndani ya karai la maji baridi, akatuambia tungoje. Tulingoja kama nusu saa, akina mama wanasuka, hakuna anayeongea. Akapima tena: 29. Halafu akachukua maziwa ya mzee mmoja wa mlimani yaliyosoma 29, akayaweka katika maji ya moto, na namba ikashuka mbele ya macho ya mzee mwenyewe. Kijana mpimaji akasema, "Mimi nilikuwa nasoma tu nilichoona." Ilikuwa kweli.

Msidhani kwamba hapo watu walikumbatiana. Nyumba mbili zilikuwa zimeshatoka katika kikundi na hazikurudi hata leo. Lakini nataka mwone jambo moja. Ni wiki ngapi watu 23 walibaki na swali ambalo lingejibiwa na temomita ya bei ndogo? Na kwa nini halikuulizwa? Halikuulizwa kwa sababu lilikuwa linazungumzwa kila siku, lakini katika lugha ambazo upande wa pili hausikii. Kila upande ulikuwa na majibu tayari. Mtu mwenye majibu hatafuti kipimo.

Sasa nifike kwenye kosa langu lingine, na hili ni baya zaidi. Nimewaambia mweka hazina alikuwa Mkamba. Mimi pia ni Mkamba. Nikiwa mbali na kwetu, nikipata mtu wa kuongea naye Kikamba, moyo unafurahi, si ndiyo? Basi baada ya kila kikao tulisimama kando tukaongea dakika tano, kumi. Mwezi uleule pesa za msaada wa kujenga kibanda zilichelewa benki. Katika kikao mzee mmoja akasimama kwa heshima, akavua kofia, akasema: "Madam, tunaomba kuuliza. Wiki jana wewe na mweka hazina mlikuwa mnasema nini pale chini ya mti?"

Tulikuwa tunasema juu ya mtoto wake aliyekuwa na homa ya mapafu. Nilimwambia hivyo. Aliitikia, akakaa. Lakini niliona usoni mwake, na usoni mwa wengine, kwamba hawana njia yoyote ya kujua kama ni kweli. Mimi Mkamba nilijiona mtu wa katikati kwa sababu sikuwa wa mlimani wala wa barabarani. Kumbe nilikuwa nimeanzisha upande wa tatu.

Kutoka siku hiyo kikundi kile kilikubaliana: katika kikao, kwenye mtungi, na mahali popote pesa zinapohesabiwa, ni Kiswahili. Hata salamu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakiita Kiswahili lugha ya taifa, lakini sikuwaambia kwa sababu ya katiba. Niliwaambia kwa sababu mwenzako anatakiwa aweze kukusikia, hata kama hakuna kitu cha maana cha kusikia.

Wengine mtaniuliza, "Na nyanya zetu wasiojua Kiswahili?" Swali zuri. Msiwanyamazishe. Nimeona vikundi vinavyotoza faini ya shilingi 20 kwa kila neno la kikabila, na matokeo yake wazee wanakaa kama magunia mpaka kikao kiishe, kisha wanakwenda kusema yote njiani. Mwacheni nyanya aseme kwa lugha yake, kwa sauti, mbele ya wote, halafu mtu atafsiri kwa sauti. Na anayetafsiri asiwe mtoto wake. Jirani wa kabila lingine anayejua lugha hiyo ndiye bora, na katika vijiji vyetu vilivyochanganyika watu wa namna hiyo hawakosi.

Nije kwenye kazi yenyewe. Kila kabila hapa lina neno lake la kusaidiana. Kwetu Ukambani ni mwethya. Miaka ya 1950 matuta mengi ya kuzuia mmomonyoko katika Machakos yalichimbwa kwa mwethya, na baadaye akina mama wakaufanya kuwa wao. Wakikuyu wana ngwatio. Wakisii wana risaga, Wajaluo wana saga. Tukisikia hivyo tunafurahi, tunasema kumbe sisi sote tunajua harambee. Lakini angalieni vizuri, maneno hayo si sawa. Ngwatio kitu kikubwa ni zamu, leo kwangu kesho kwako. Katika risaga mwenye shamba huwaandalia watu chakula na kinywaji, na asipofanya hivyo amewadharau. Mwethya nilioukulia mimi ulihesabu nani amekuja na nani hakuja, na asiyekuja alijua atalipa.

Basi siku tulipochimba msingi wa kibanda, watu walikuja wengi na majembe yao. Ilipofika saa sita wengine wakaanza kutazama moshi unatoka wapi. Hakuna moshi. Wakaweka majembe begani wakaondoka, wameudhika. Waliobaki walichimba mpaka saa kumi na walisema, nyinyi mnajua walisema nini. Hakuna aliyekuwa mvivu siku ile. Wote walikuwa wanafuata adabu njema waliyofundishwa na mama zao. Tatizo ni kwamba kazi ya kikundi haina mwenye shamba. Sasa nani apike? Hilo linatakiwa kuulizwa kabla jembe la kwanza halijaingia ardhini: tutakula au hatutakula, tutamaliza saa ngapi, asiyeweza kuja atoe nini. Linaonekana swali la kitoto. Nimeona vikundi vikifa kwa sababu yake.

Angalieni pia siku ya malipo. Yetu ilikuwa Jumamosi, na kati ya Wakisii wetu wengi ni Wasabato. Mwaka mzima walikuwa wanapata pesa zao Jumatatu, baada ya wengine, na hawakulalamika hata mara moja. Sisi tukadhani hawajali. Tulihamisha ikawa Alhamisi, ikachukua dakika mbili.

Na mambo ya mkwe. Msimpange mama mkwe na mkwewe zamu moja ya kukamata mtungi, halafu mmoja asipokuja mmwandike faini. Kuna jamii hapa ambapo wawili hao hawawezi kusimama karibu hivyo. Hatakwambia sababu, maana kuisema tu ni aibu. Ataacha kuja.

Kuna jambo lingine ambalo watu hawapendi nilitaje katika mikutano, na nitalitaja. Yule fundi wa baiskeli alikuwa anajua hesabu kuliko sisi sote, akisoma kitabu cha risiti anaona kosa kabla hujageuza ukurasa. Kwa nini hakuchaguliwa mwenyekiti mara tatu? Wazee walinong'ona kwamba mtu wa jamii isiyopeleka vijana jando hawezi kuwaongoza wanaume. Mimi naheshimu jando. Ni mlango wa kabila, na anayepitia ajivunie. Lakini mtungi wa maziwa hauulizi umepitia mlango gani. Siku hizi yeye ndiye mkaguzi wa vitabu wa kikundi. Uenyekiti bado hajaupata, na mimi naona ni hasara yao.

Juu ya uamuzi nitasema kidogo tu. Wakipsigis wamezoea kokwet, wazee wanakaa, wanaongea, wanarudia, mpaka wote wakubaliane. Wengine tumezoea kuinua mikono, kumi dhidi ya nane, tumemaliza, twende nyumbani. Kwa wale wa kokwet hao wanane wameshindwa vita. Kikundi kile sasa huzungumza jambo kubwa katika vikao viwili na kupiga kura katika cha tatu. Ni polepole. Mimi huchoka. Lakini uamuzi ukishapita hauvunjwi njiani.

Na kamati? Sheria ya Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 inataka ofisi ya umma isiwe na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. Nyinyi si ofisi ya umma, lakini vikundi vingi vinaiga, na si vibaya. Ila msitosheke na hesabu ya viti. Nimeona kamati yenye makabila yote, imepangwa vizuri kama picha ya harusi, huku kitabu, ufunguo na simu ya M-Pesa viko katika boma moja. Gawanyeni vitu hivyo vitatu kwanza. Atakayekaa kiti kipi mtaona baadaye. Ujumbe wa M-Pesa usomwe kwa sauti katika kikao, pamoja na salio.

Mwisho ni uchaguzi, maana huja kila miaka mitano kama nzige. Wakati wa amani kila mtu ni mwanakikundi. Kampeni zikianza, watu hukumbuka kwamba ni wa kabila fulani. Mwezi Julai 2017 kikundi kile kilikaa kikajiuliza swali wazi wazi: barabara ikifungwa, maziwa yataenda wapi? Wakakubaliana kwamba gari lisipokuja, maziwa ya wote yatachemshwa na kugandishwa nyumba tatu, za makabila matatu, na hasara itagawanywa kwa lita. Kweli mwezi wa Agosti gari halikuja siku nne. Watu walipitia nyumba za wenzao asubuhi na jioni kwa sababu maziwa yao yalikuwa mle. Mwaka 2022 walifanya mpango uleule mapema, na gari halikukosa hata siku moja, wakacheka kwamba wamenunua sufuria bure.

Temomita sasa inaning'inia kwa uzi kando ya laktometa. Wanaopima ni wawili, mmoja wa mlimani na mmoja wa barabarani. Mmoja anasoma joto, mwingine anasoma namba, wote kwa sauti, kwa Kiswahili, na mwenye maziwa anajumlisha mwenyewe. Hata yule mama aliyemwaga lita saba anajumlisha, na hakusoma zaidi ya darasa la tatu.

Sasa kazi yenu kabla ya chakula. Kaeni kwa vikundi vyenu. Kila mmoja aandike jambo moja ambalo yeye analiona ni la kawaida katika kazi yenu lakini hajawahi kuuliza kama wenzake wanaliona hivyo. Chakula, saa, zamu, mkwe, chochote. Asiyeandika amwambie jirani amwandikie, na mwandishi asiwe wa nyumba yake. Halafu someni yote kwa sauti. Karatasi ziko pale mlangoni kwa katekista. Chakula ni saa saba, na leo kuna moshi, nimeuona.